Mstari wa Majivu

Majivu makavu hayana harufu. Yakilowa ndipo yanapojitambulisha, harufu nzito yenye uchachu kidogo, inayoganda puani hata ukisogea mbali. Siku hizi napikia gesi, hapa Kasulu, katika chumba nilichopanga nyuma ya kibanda changu cha cherehani, lakini jirani yangu bado ana mafiga uani. Mvua ya kwanza ya mwaka huu ilipopiga rundo lake la majivu, nilikuwa nimeshika chaki nachora gauni la mteja, na mkono wangu ukasimama. Mteja akadhani naumwa. Nikamwambia ni njaa tu, maana ningeanzia wapi kumweleza? Siku tatu baadaye nikapigiwa simu kwamba Mwalimu Bakari amefariki. Sisemi mambo hayo mawili yanahusiana. Kwetu wapo watakaosema yanahusiana, na maneno ya namna hiyo ndiyo yaliyonifanya niwe na habari hii ya kusimulia.

Nilikulia upande wa Kibondo, katika kijiji kilicho mbele kidogo ya Kumsenga, ambako uwanja wa mpira ulikuwa wa shule, wa mbuzi na wa mikutano ya hadhara, kwa zamu. Ulikuwa na mteremko. Timu iliyoanza kwa kushuka ilihesabiwa imepata bahati, na iliyoanza kwa kupanda ililalamika kabla mpira haujawekwa kati. Milingoti ya magoli ilikuwa mikaratusi iliyomenywa magome, na mti wa juu vilevile. Nyavu tulizisikia redioni tu. Chokaa ilikuwa haba, ya kupaka mawe yaliyozunguka bendera ya shule, kwa hiyo mistari ya uwanja tuliichora kwa majivu.

Ijumaa kila mwanafunzi aliambiwa aje na majivu, kama siku nyingine alivyoambiwa aje na kuni au ndoo ya maji. Wala si majivu yoyote. Ya kuni mbichi yalikuwa ya kijivu na hayakuonekana kwa mbali. Yaliyotakiwa ni ya maganda ya maharage, meupe kama unga wa muhogo, na hayo akina mama waliyabania, kwa kuwa ndiyo waliyoyachuja wapate maji ya magadi ya kulainishia mboga, na ndiyo waliyochanganya na mbegu ili wadudu wasizitoboe. Mama yangu alinijazia kopo moja, akalisawazisha juu kwa kiganja. "Hilo hilo," akasema. "Mpira hauliwi."

Refa alikuwa Mwalimu Bakari. Alitokea Newala, mbali kabisa kusini, akaletwa na serikali kufundisha hisabati watoto ambao nyumbani walihesabu kwa Kiha. Yeye na mkewe, Mama Zainabu, walikuwa Waislamu pekee katika mtaa wetu. Alikuwa mwembamba, mpole wa sauti, na kila mtoto alimwita "mwanangu", hata yule aliyekuwa anakwenda kumchapa. Hakuchaguliwa kwa sababu aliujua mpira kuliko wengine. Alichaguliwa kwa sababu hakuwa na mjomba, shemeji wala shamba la urithi katika kijiji chochote cha kata ile. Refa mwenyeji asingemaliza hata kipindi cha kwanza. Washika vibendera walikuwa wawili, kila timu imetoa wake, na kila mmoja alipeperusha kwa faida ya kwao bila haya yoyote, hivyo Mwalimu hakuwatazama kabisa. Alitazama majivu. "Mimi pale katikati niko peke yangu," alitwambia tulipokuwa tukichora. "Mwenzangu ni mstari."

Nilikuwa darasa la tano, na mkono wangu ulikuwa mtulivu, kwa hiyo alinikabidhi mstari wa goli la bondeni, lililokuwa karibu na mikaratusi. Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Unafunga kamba ya katani kwenye mguu wa mlingoti mmoja, unaivuta hadi mguu wa mlingoti wa pili, unaikaza, kisha unatembea kinyumenyume ukimwaga majivu juu ya kamba kwa kopo lililotobolewa tako. Jumamosi ile ya fainali ya kata nilifika asubuhi mapema, nikafunga kamba kwenye mlingoti wa kushoto, nikaivuta, na nilipofika kwenye ule wa kulia nikakuta mguu wake umezungukwa na siafu.

Aliyewahi kuingiwa na siafu hatanicheka. Nilichomeka kijiti mbele ya mlingoti, upande wa ndani ya uwanja, mahali ambapo siafu hawakufika, nikafunga kamba hapo, nikamwaga majivu yangu. Mstari ukatoka mweupe na mnyoofu. Kasoro yake ni kwamba ulianzia kwenye mlingoti wa kushoto na haukuishia kwenye wa kulia. Ulipita mbele yake, umbali wa kama mguu wangu na nusu. Sitaki kusema sikuona. Niliona. Lakini niliamini mistari ni pambo, kama yale mawe ya chokaa kwenye bendera, kitu cha kuwaonyesha wageni kwamba leo kuna shughuli. Kwa akili yangu goli lilikuwa goli kwa sababu mpira umepita katikati ya miti miwili, basi. Mwalimu alipaza sauti kutoka goli la juu, "Tayari huko, mwanangu?" Nikamjibu, "Tayari, Mwalimu!" Alikuwa na pembe mbili bado hazijachorwa na wageni wameanza kufika, akanyanyua mkono kunishukuru, wala hakushuka kuja kuangalia. Mchana siafu walikuwa wameshahama.

Tulicheza na timu ya ng'ambo ya mto. Huko familia nyingi wazee wao walitoka Burundi zamani, wakafyeka, wakalima, wakafungua maduka, wakapata uraia, na ukiwasikia wanaongea utadhani ni Kiha kilichotoka safari. Siku za kawaida tulinunua mihogo kwao na tulioana nao. Siku ya mpira waligeuka wakawa "wale". Mshindi angekwenda kucheza Kibondo mjini, na habari kubwa zaidi nyumbani kwetu ilikuwa kwamba watu wawili wamekuja kwa pikipiki kutoka huko mjini, kuchagua vijana wa timu ya wilaya. Kipa wetu alikuwa kaka yangu Gervas. Alikuwa na miaka kumi na minane, mikono mirefu, na glavu za kazi alizoziazima kwa fundi wa kuchomelea. Soksi zake alizifua mara mbili wiki ile, na mara zote mbili nilimwona akizinusa.

Mchezo ulikwenda bila bila mpaka watu wakaanza kuongelea penalti. Kisha kijana mmoja wa ng'ambo akapiga shuti la chini, la kona ya kulia, na Gervas akaruka akalilalia mguuni pa mlingoti. Mwalimu Bakari alifika mbio. Aliinama. Chini ya kifua cha kaka yangu palikuwa na mpira, na mbele ya mpira, upande wa uwanja, palikuwa na mstari wangu, mweupe, haujaguswa hata na kidole. Mpira wote ulikuwa umevuka. Akapuliza filimbi na kunyoosha mkono kuelekea katikati ya uwanja.

"Oya!" Gervas alipiga kelele, akikataa kwa Kiha. "Oya, Mwalimu! Haujaingia! Nimeushika nje!"

"Mstari uko wapi, na mpira uko wapi?" Mwalimu akamuuliza, taratibu tu. "Tazama mwenyewe, mwanangu."

"Mimi natazama mlingoti! Tazama mlingoti, Mwalimu!"

Nilikuwa nyuma ya goli na wenzangu, karibu kiasi cha kusikia wanavyohema. Mmoja alionyesha mti, mwingine alionyesha majivu, na kila mmoja alikuwa anasema kweli. Ndipo nilipoelewa mistari ni ya nini. Ningeweza kusema neno moja tu, "siafu", na nadhani Mwalimu angenisikia. Gervas akamsukuma kifuani kwa mikono miwili, filimbi ikamtoka mdomoni, na watu wakaingia uwanjani. Walipotulizwa, Mwalimu alitoa kadi nyekundu, kipande cha boksi la sabuni alichokipaka rangi mwenyewe, akamwonyesha kaka yangu. Wale wawili wa Kibondo waliwasha pikipiki yao kabla mchezo haujaisha. Tulifungwa moja bila.

Usiku ule Gervas hakula. Alikaa na glavu mapajani akaapa kwa kaburi la bibi yetu kwamba lile si goli, na mama akamwamini, kwa kuwa Gervas hakuwa mwongo. "Huyo amenunuliwa na wale," mama akasema. Mimi nilijifunika shuka nikaamua kwamba kesho, kabla ya kanisa, nitakwenda kuufuta ule mstari. Nilifikiri ukifutika, jambo lenyewe nalo litakuwa halikutokea.

Nilipofika, Mwalimu Bakari alikuwa ameshatangulia. Nikajificha kwenye mikaratusi. Alikuwa amefunga kamba ya katani kutoka mlingoti hadi mlingoti, mguu kwa mguu, kama inavyotakiwa, naye amechutama pale kulia anapima kwa kiganja nafasi iliyopo kati ya kamba na majivu yangu. Alipima mara mbili. Kisha akakaa chini kabisa, kwenye umande, na suruali yake ya kazini. Baada ya muda mrefu akainuka, akaikunja kamba, akaanza kusukuma udongo kwa kandambili mpaka majivu yote yakafunikwa.

Nyumbani mama aliniuliza nimetoka wapi alfajiri yote ile na miguu imelowa. Nikasema, "Nimemwona Mwalimu golini. Amechutama, anafukia kitu."

Maneno hayo nimeyarudia moyoni mara nyingi kuliko sala. Kweli alichutama. Kweli alikuwa anafukia. Nilijua vizuri kabisa kwamba anachofukia ni majivu, na neno hilo moja nikaliacha nje. Mtoto wa miaka kumi na mmoja anajua kuacha neno nje. Nilichokuwa sijui ni uzito wa lile nililolisema, maana mimi nilitaka tu macho ya mama yaondoke kwenye miguu yangu.

"Mawe we!" mama akashika kichwa, akimlilia mama yake kwa Kiha. Kwa wasiojua, mpira wa kwetu haukuchezwa na watu ishirini na wawili peke yao. Kila timu ilituhumiwa kufukia kitu golini kwa mwenzake, hirizi au mfupa au jina la kipa limefungwa kwenye kitambaa, na kipa aliyefungwa kwa namna isiyoeleweka alihesabiwa kuwa amefungwa kwa hivyo. Mpaka saa sita wanaume walikuwa wameshachimba goli la bondeni kwa majembe. Walipata kipande cha chuma chenye kutu na mfupa wa mbuzi. Katika uwanja ambao mbuzi wanalishwa kila siku, sijui walitegemea kukosa nini, lakini iliwatosha.

Kikao kilifanyika ofisi ya kijiji katikati ya wiki, na kwa kuwa mimi ndiye niliyeona, mama alinipeleka. Sikuulizwa kitu. Mwenyekiti alisema tu, "Umeonwa golini Jumapili alfajiri, Mwalimu. Hatusemi na nani." Lakini nilikuwa nimekaa mbele, pembeni ya mama, mtoto pekee kwenye chumba kile. Mwalimu aliyazungusha macho yake hadi yakanifikia, yakakaa.

"Nilikwenda kuangalia mstari," akasema.

"Mstari ulikuwa na nini?"

Nilihesabu vidole vyangu vya miguu. Nilikuwa nangoja jina langu.

"Mstari ni wangu," Mwalimu akasema. "Mimi ndiye refa."

"Hilo si jibu."

"Ndilo nililonalo, Mzee."

Watu wakanung'unika kwamba ana kiburi. Mimi pia nikadhani ni kiburi. Nikadhani anaona haya kukiri kwamba alipima kwa mstari mbovu, na katika ujinga wangu nikafurahi, kwa kuwa haya yake ilikuwa imeniokoa mimi. Gervas alisimama mlangoni wakati wote huo, amekunja mikono, na Mwalimu alipotoka hakumpisha. Ilimbidi Mwalimu ageuke upande ndipo apite.

Hakuna aliyempiga wala kumtukana hadharani. Kwetu mtu huondolewa kwa njia nyingine. Mama Zainabu alikwenda kuazima kinu akaambiwa kina ufa. Aliyekuwa akiwaletea maziwa akasema ng'ombe amekauka, nasi tulimwona akipita na chupa zake kuelekea nyumba ya pili. Muhogo wao ulikutwa umeng'olewa ukalazwa juu ya tuta, haukuchukuliwa hata mmoja, ili waelewe kwamba si njaa iliyofanya. Watoto walijifunza kunyamaza Mwalimu akisalimia. Darasani tulisimama kama kawaida, "Shikamoo Mwalimu," kwa kuwa hilo lilikuwa la shule, lakini njiani tulimpita kimya, na mimi nilikuwa miongoni mwao.

Siku moja, somo la hisabati, aliniita ubaoni. Akanipa rula kubwa ya mbao na chaki, akaniambia nichore mstari kutoka nukta moja hadi nyingine. Nikajua sasa yamefika. Nikachora. "Sasa usirudi kukaa," akasema. "Ukimaliza kuchora, rudi nyuma hatua tatu, utazame mwanzo na mwisho." Nikarudi nyuma hatua tatu. "Umefika?" akaniuliza. Nikasema umefika. "Basi kaa, mwanangu." Niliichukua kuwa ni adhabu, nikamchukia kwa siku kadhaa kwa sababu ilikuwa ndogo mno.

Mwisho wa muhula waliondoka. Lori liliwachukua pamoja na magunia ya watu wengine, Mama Zainabu mbele na dereva, Mwalimu nyuma juu ya godoro lao. Amehamishiwa Kasulu, walisema, ameomba mwenyewe. Gervas aliendelea kudaka kijijini mpaka magoti yakamchoka, na watu wa wilaya hawakurudi kumtazama. Kila sikukuu, tukishakula, hakosi mtu wa kumchokoza, "Lile goli, Gervas," naye huweka kikombe chini na kuanza upya: mlingoti uko hapa, mpira uko hapa. Wanangu wameikariri habari hiyo. Hucheka anapofika kwa Mwalimu aliyenunuliwa, na mimi huwa nainuka kwenda kuosha vyombo.

Nilipohamia Kasulu nilijua kwamba yuko mji huo huo. Nilimwona sokoni, mvi zimemjaa, nikapinda kwenye safu ya wauza dagaa mpaka apite. Mara moja alikuja mwenyewe kibandani na kanzu ya kupunguza. Hakuniuliza jina. Nilichora pindo kwa chaki, na bila kufikiri nikarudi nyuma hatua tatu nikatazama mwanzo na mwisho, kama ninavyofanya kwa kila nguo tangu nijifunze kazi hii, hata wateja wananitania kwamba napima kama najenga benki. Nilipoinua macho alikuwa ananitazama. "Vizuri," akasema. Alikaa kidogo kwenye benchi, nadhani alikuwa ananipa nafasi. Nikamwambia aje kesho kutwa kuichukua kanzu. Kesho kutwa nilimwachia mwanafunzi wangu ampe, mimi nikaenda kununua nyuzi ambazo nilikuwa nazo.

Siku ya msiba Gervas alikuwa amekuja mjini kuuza maharage. Nilimwomba anipeleke kwa pikipiki yake. Alinipeleka, lakini alisimama barabarani, mita chache kabla ya turubai. "Nitakusubiri hapa, Konso," akasema. "Mimi na mzee yule hatuna neno la kuagana." Nilijitanda kanga nikaingia kwa wanawake. Mama Zainabu alikuwa amekaa mkekani, ameegemea ukuta, amekuwa mdogo. Nilipiga magoti nikampa pole na kumtajia jina langu na kijiji.

Akanishika mkono asiuachie. "Konsolata wa mstari?"

Nikaitikia kwa kichwa. Akaendelea, kwa sauti ya chini, kama anamwambia mtu wa nyumbani. "Alinieleza siku ile ile ya Jumapili, suruali imelowa. Nikamwambia nenda kawaeleze, mtoto kakosea, yaishe. Akasema, mtoto alichora nilipomwambia achore. Refa hukagua uwanja kabla ya kupuliza, na mimi sikukagua. Kosa ni langu. Sasa nikamtaje mtoto mbele ya watu wenye majembe?" Alitikisa kichwa. "Mimi nilikasirika. Mwaka mzima nilimkasirikia."

Hapo ningeweza kulia na kuondoka nikiwa nimesamehewa. Lakini kulikuwa na lile jingine, na nikaona nikitoka nalo tena sitapata pa kulitua. Nikamwambia. Nikamwambia ni mimi niliyesema anafukia kitu, na kwamba nilijua ni majivu.

Mkono wake ulibaki juu ya wangu lakini ukaacha kukaza. Mwanamke aliyekuwa pembeni akaacha kuvuta uradi. "Hilo hakuniambia," Mama Zainabu akasema. Nje wanaume walikuwa wanaulizana kama maji ya kutawadhia yametosha. "Mstari haukutuondoa pale, mwanangu. Hilo ndilo lililotuondoa."

"Ndiyo, mama."

"Kaka yako, yule kipa, bado yupo?"

"Yupo barabarani. Hataki kuingia."

"Mwambie basi, kabla hawajamtoa marehemu."

Gervas alikuwa amekaa kiubavu kwenye pikipiki, anatafuna kijiti. Nilimweleza nikiwa nimesimama, siafu na kijiti na majivu na lile neno, bila kupumzika, kwa kuwa nilijua nikikatiza sitaendelea. Alinisikiliza akitazama tairi la mbele.

"Kwa hiyo haukuingia," akasema.

"Haukuingia."

"Na yeye hakununuliwa."

"Hakununuliwa, kaka. Aliona mstari."

Alitoa kijiti mdomoni. Wakati huo wanaume walikuwa wanalitoa jeneza, wanapokezana mabega kwa haraka kama wanavyofanya Waislamu, kila mmoja anasogea apate kushika. Gervas aliteremka kwenye pikipiki bila kuitegesha vizuri, nikaidaka isianguke. Alivuka barabara. Nilimwona akijipenyeza kati ya kanzu na kofia, yeye na fulana yake ya mpira iliyopauka, mpaka akafika mbele, na mtu mmoja akampisha bega.

Walirudi makaburini jua likiwa limeanza kushuka. Alikuwa na udongo mwekundu kwenye magoti na mikononi. Hakuwasha pikipiki. Alisimama upande wake na mimi upande wangu.

"Ungesema siku ile ningekupiga," akasema. "Ningekupiga sana, Konso."

"Najua."

"Halafu tungekwenda kwake mimi na wewe, yakaisha."

Akapangusa mikono kwenye suruali, akawasha, akaningoja nipande.